Jinsi ya kusoma kadi ya katalogi hadi ufike rafuni

Kabla ya kompyuta kuingia katika maktaba za Nairobi, msomaji alianzia kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba iliyoandikwa kwenye kadi na kuwekwa katika kabati la mbao lenye droo ndogondogo. Nimekaa miaka mingi kando ya kabati kama hilo, nikipanga kadi na kuwaelekeza wasomaji, na ukilikuta popote lingali na kadi zake, njia ni ile ile. Tuchukue mfano wa mtu wa Kitui anayetaka kufuga nyuki.

1. Anza na unachokijua. Kitabu kimoja kilikuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na ya mada, moja au zaidi. Ukijua kimojawapo, kinatosha. Mtu wetu anajua mada tu.

2. Tafuta droo. Soma vibandiko vya mbele; kadi zimefuata alfabeti. Hapa ndipo wengi walipokwama, kwa sababu mada ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukienda "Beekeeping" ulikuta kadi isiyo na kitabu chochote, inakuambia utazame "Bee culture". Wasomaji walirudi kwangu wakisema hakuna kitabu. Kipo! Nenda kadi inakokutuma.

Majina ya watu yanataka uangalifu zaidi. Mzungu hupangwa kwa jina la ukoo, lakini Ngũgĩ wa Thiong'o yuko N, maana "wa" inaonyesha kwamba Thiong'o ni jina la baba yake, si la ukoo. Riwaya yake ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi, kwa hiyo kadi ya "tazama" iliyaunganisha majina hayo mawili. Shaaban Robert mtafute S. Ukimkosa, nenda R. Kwa kanuni za zamani, "Mc" ilipangwa kana kwamba ni "Mac": McMillan, jina la maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931 pale barabara ya Banda, ungelikuta kabla ya Madaraka, si baada ya Mboya.

3. Isome kadi yote. Ina upana wa sentimita 12.5 na kimo cha 7.5. Juu kushoto pana nambari ya rafu, kwa mfano 638.1, na chini yake herufi za mwanzo za jina la mwandishi. Kisha mwandishi, jina la kitabu, mahali na mwaka wa kuchapishwa, idadi ya kurasa.

Wengi huishia hapo. Tafadhali shuka hadi mstari wa chini kabisa. Hapo mkutubi aliorodhesha kadi nyingine zote za kitabu hicho: mada kwa 1, 2, 3, na mwandishi mwenza au jina la kitabu kwa I, II. Aliziandika ili kitabu kikipotea aweze kuzitoa zote. Lakini kwako ni ramani. Ukiona hapo "Honey", umepata droo nyingine ambayo hukuifikiria, na huenda ndani yake mna vitabu vitano zaidi. Nimeona mtu aliyekuja kutafuta kitabu kimoja akiondoka na orodha ya ukurasa mzima.

4. Nakili nambari kamili, pamoja na herufi. Usiing'oe kadi, fimbo ya chuma imepita kwenye tundu lake la chini ili isihame.

5. Nenda rafuni. Nambari hizi ni za desimali, kwa mfumo ambao mkutubi Mmarekani, Melvil Dewey, aliutoa mwaka 1876. Kwa hiyo 638.14 iko kabla ya 638.2, ingawa 14 ni kubwa kuliko 2. Ukifika, tazama na majirani wa kushoto na kulia, maana wanazungumzia jambo hilo hilo.

Kitabu kisipokuwepo, muulize mkutubi atazame trei ya walioazima. Kadi iliyotolewa ndani ya kitabu kilipoazimwa, si ile ya katalogi, hukaa humo, ikifuata tarehe ya kurudishwa, naye atakuambia urudi lini.