Jinsi ya kutoa orodha ya wagombea mnaowaunga mkono mtaani kwenu, kuanzia mwenyekiti mpaka diwani

Kamwene ndugu zangu, na wa Tukuyu ndaga. Huku kwetu uchaguzi ukikaribia watu wanaulizana "sasa udiwani tumpe nani", jibu linatoka kwa aliyegawa kanga na kofia au kwa jamaa anayesema mimi namjua huyo ni mtu wa watu. Kuna njia nyingine ambayo haihitaji hela. Kikundi, iwe kikoba, wakulima wa parachichi, bodaboda wa kijiwe kimoja au vijana wa mtaa tu, kinakaa, kinawahoji wagombea, af kinasema hadharani sisi tunamuunga mkono fulani kwa sababu hizi na hizi. Marekani wamezoea, vikundi vya wanaharakati vinatoa orodha mpaka ya wajumbe wa bodi za shule, na kwa kuwa majimbo kama California wananchi wanapigia kura hoja zenyewe (1978 walipitisha Proposition 13 iliyobana kodi ya majengo, mpaka leo wanaibishania) orodha inakwambia pia hoja hii ipe ndio, hii ipe hapana. Sisi Tanzania hoja za hivo kwenye karatasi ya kura hatuna, tulikaribia 2015 na kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, ilipangwa tarehe 30 Aprili, uandikishaji wa wapiga kura kwa alama za vidole (BVR) ukaanzia hapo Makambako, kura yenyewe ikaahirishwa. Ila kijijini tuna kitu kinachofanana sana na hiko, nitakifikia chini.

Kitu cha kwanza, na hapa ndo vikundi vingi vinaharibu, andikeni mnachotaka KABLA hamjataja jina la mtu yeyote. Mkianza na majina mtaishia kutafuta sababu za kumpitisha mtu ambaye tayari mnampenda. Na msiandike "maendeleo", hakuna mgombea anayepinga maendeleo. Andikeni vitu ambavyo mtu anaweza kukataa. Mfano asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, mnataka orodha ya vikundi vilivyopata ibandikwe ofisi ya kata watu waione. Kama mko Njombe au Umalila kwenye viazi, lumbesa (gunia linalojazwa kupita kipimo), yaani mgombea anasemaje kuhusu mizani na gunia lisilozidi kilo 100, atasimama na mkulima au na dalali? Ushuru wa mazao tangu 2017 ni asilimia 3 ya biashara na 2 ya chakula, je anajua, na akikuta geti linatoza kinyume atafanya nini. Mjini Mwanjelwa na Kabwe kuna suala la machinga kuhamishwa, Mbarali kila mtu anajua GN 28 (tangazo la serikali kuhusu mipaka ya hifadhi) na vijiji vilivyo mpakani mwa hifadhi ya Ruaha. Chagueni mambo manne matano basi, yakizidi hapo hakuna atakayesoma.

Kigezo changu mimi kwa kila jambo ni kwamba nani anafaidika, kama ni mama lishe na mkulima wa ekari moja niko hapo, kama ni mzabuni peke yake sipo.

Muda sasa. Watu wanaamka kampeni zikianza, na hapo umeshachelewa. Serikali za mitaa 2024 kampeni zilikuwa siku 7 tu, tarehe 20 hadi 26 Novemba, kesho yake kura, utamhoji nani ndani ya wiki? Udiwani 2025 walau ulikuwa na miezi miwili. Halafu sheria yetu haina mgombea binafsi, lazima mtu adhaminiwe na chama (Mahakama ya Afrika ilisema mwaka 2013 kwamba hilo ni kinyume na haki lakini bado ndo hivo), kwa hiyo sehemu nyingi mchuano mkali uko kwenye kura za maoni ndani ya chama na sio siku ya uchaguzi. Kama wenzenu kwenye kikundi ni wanachama wa vyama, wa chama chochote, wahimizeni wabebe yale maswali huko ndani mapema, miezi kadhaa kabla. Serikali za mitaa zinarudi 2029, anzeni 2028 kwa utulivu.

Kumhoji mgombea. Mpeni maswali yaleyale wote, kwa karatasi, siku ileile, na mwambieni majibu yatasomwa hadharani. Mwalike wa kila chama hata yule mnayejua hamtampitisha, usipofanya hivyo mtaitwa tawi la chama fulani na mtakuwa mmestahili. Anayekuja msimwite mheshimiwa kila sentensi, mwite kaka, dada, mama, mzee, inamshusha kwenye jukwaa anaanza kuongea kama mtu. Swali zuri kuliko yote kwa mwenyekiti anayetetea kiti ni hili: mara ya mwisho umesoma lini mapato na matumizi mbele ya mkutano? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, akianza "unajua changamoto ya mtendaji..." hamna haja ya kuendelea sana. Kwa diwani muulize ametaja nini kwenye baraza la madiwani, kikao kipi, nani alikuwepo. Kwa mgeni asiye na rekodi muulize ameshawahi kushika hela ya watu, kikoba, kanisa, timu ya mpira, popote, na mkaulize huko.

Msipokee kitu. Hata soda. Takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, ilipigwa chini na Mahakama Kuu 2006, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi 2010, lakini sheria pembeni, mkishakunywa soda ya mgombea orodha yenu haina thamani tena mtaani, watu wanaona.

Kupitisha jina pigeni kura ya siri, na mkubaliane kabla kwamba mtu asipofika theluthi mbili hapati. Mwenye ndugu anayegombea akae nje siku hiyo. Kama hakuna aliyefika, andikeni "udiwani hatumuungi mkono yeyote" na mseme kwanini, hilo nalo ni jibu na wagombea wanalichukia kuliko kushindwa. Na kumbukeni siku hizi mgombea akibaki peke yake hapiti bila kupingwa kama zamani, anapigiwa kura ya ndio au hapana, kwa hiyo hata kata yenye jina moja orodha yenu ina kazi.

Kuitoa ni rahisi, ukurasa mmoja, picha moja ya kurusha WhatsApp, na nakala chache za karatasi kwa wazee na kwa wasio na simu janja. Kila jina sentensi mbili, ya pili iwe na kasoro yake, mtu akisoma "ana msimamo kwenye mikopo ya vijana ila hajawahi kuhudhuria mkutano wa mtaa" anawaamini zaidi. Msiandike tuhuma ambazo hamuwezi kuonyesha karatasi yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na taarifa ya uongo ni kosa. Msisome kanisani wala msikitini. Mtendaji wa kijiji au wa kata msimwingize kwenye grupu, ni mtumishi wa umma mtamponza. Na kama nyie ni asasi iliyosajiliwa wekeni nembo pembeni, fanyeni kama wakazi, kwa majina yenu, maana elimu ya mpiga kura kwa asasi inataka kibali cha Tume ya Uchaguzi na hamtaki kuchanganya hivyo viwili. Jiji la Mbeya andikeni jimbo vizuri, tangu 2025 yako mawili, Mbeya Mjini na Uyole, watu bado wanachanganya.

Sasa ile ya hoja. Kijijini kura ya ndio au hapana ni mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi mwenye miaka 18 ana sauti, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kukubali. Akija mwekezaji wa parachichi, miti au mpunga, toeni kikaratasi kama kile cha wagombea: hekta ngapi (geuzeni ziwe ekari, hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, hapa watu wanapigwa), miaka mingapi, kijiji kinapata nini kwa maandishi, eneo hilo limepangwa nini kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Zikizidi hekta 250 uamuzi unapanda mpaka kwa waziri. Na hili liandikeni kwa herufi kubwa, ardhi ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, mkataba ukiisha hairudi kijijini yenyewe. Kisha mwisho kabisa wekeni msimamo wenu, ndio, hapana, au ndio kwa masharti haya.

Kisambazeni siku kadhaa kabla, na kaeni na akina mama peke yao kwanza, kwa sababu kwenye mkutano wa kunyoosha mikono mbele ya mwenyekiti na mgeni mwenye gari wengi watanyamaza, ila wakishaongea wenyewe kwa wenyewe wanakuja wamekaa pamoja. Siku yenyewe mmoja wenu aandike idadi ya mikono, mwingine aangalie karatasi ya mahudhurio ina kichwa cha habari gani juu, kama haina kichwa msisaini mpaka iandikwe "mahudhurio", kwa sababu zile saini zinaweza kuja kuitwa muhtasari wa kukubali. Ombeni muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, pigeni picha kila ukurasa.