Jinsi ya Kupata Nafasi ya Uanagenzi Yenye Malipo Mjini Tanga

Kijana wa Tanga anayetaka kujifunza ufundi huambiwa mapema kwamba anayejifunza halipwi, na kwamba akitaka kulipwa aende akabebe zege. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba katika karakana nyingi ni kijana mwenyewe, au mzazi wake, anayemlipa fundi ada ili akubaliwe kushika spana. Hata hivyo nafasi zenye malipo zipo, na mara nyingi tofauti kati ya kijana anayelipwa na asiyelipwa katika karakana ile ile haitokani na kipaji, bali na yale aliyopatana na fundi kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Naandika haya kwa sababu mimi sikuambiwa. Nilianza katika karakana moja ya uchomeleaji huko Ngamiani, na kwa miaka miwili nilifagia, nikabeba vyuma, nikapiga msasa na kupaka rangi magrili ya madirisha, huku nikipewa hela ya kula peke yake. Mashine ya kuchomelea niliishika mara chache tu, fundi akiwa ametoka kwenda kupima kazi kwa mteja. Siku nilipodai haki yangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: tulipatana nini?

Mahali pa kuanzia

Chagua fani kwa kutazama pia jinsi fedha zinavyoingia, maana fundi asiyepata fedha hawezi kumlipa mwanagenzi hata akitaka. Karakana ya mageti na magrili, gereji ya magari na kazi ya kufunga umeme wa nyumba huwa na wateja wa mara kwa mara. Useremala hufuata zaidi misimu, na wiki za kuelekea Idd, watu wanapotaka makochi na makabati mapya, ndizo ambazo seremala huhitaji mikono ya ziada, hata ya mtu asiyejua kupiga randa. Ujenzi nao hupungua mvua za masika zinapokolea kati ya Machi na Mei, kisha hushika kasi ardhi inapokauka. Kijana anayebisha hodi kwenye nyumba inayojengwa katikati ya masika huenda akakataliwa kwa sababu isiyomhusu yeye hata kidogo, na si haki ajione hafai.

Usiishie kwenye karakana za mtaani kwako. Tanga ina bandari, ina kiwanda cha saruji huko Pongwe, ina mashamba ya mkonge mkoani kote, ina reli ambayo ujenzi wake ulianzia hapa mwaka 1893, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kazi kubwa za namna hiyo hupewa makandarasi, makandarasi nao huzigawa kwa makandarasi wadogo, na ni hao wadogo ambao kila mara wanatafuta saidia fundi. Katika maeneo mengi ya ujenzi huwekwa bango lenye jina la mradi, mwenye mradi na mkandarasi. Lisome, uandike jina la mkandarasi, kisha uulize ofisi yake iko wapi, badala ya kusimama getini pamoja na kundi linalosubiri kuitwa. Anayesimama getini huchukuliwa kuwa kibarua wa siku, na kibarua wa siku hana anayejali kumfundisha.

Kwa anayetaka umeme wa majumbani, nasisitiza jambo moja: mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, leseni ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Fundi asiye na leseni anaweza kuwa hodari sana wa mikono, lakini humbidi amtafute mwenye leseni wa kumpitishia kazi, na fedha huanza kugawanywa kabla hazijakufikia wewe.

Wengi hudhani kwamba chuo na karakana ni njia mbili zisizokutana. VETA, mamlaka ya Serikali ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo hapa Tanga, na wanafunzi wake hutakiwa kwenda kufanya mafunzo ya vitendo kazini. Hata kama huna ada ya kusoma, nenda ukazungumze na mwalimu wa fani unayoitaka, kwa kuwa mwalimu huyo anajua ni karakana zipi zimewahi kupokea vijana na zipi ziliwatunza vizuri. Ukiwa hapo uliza pia habari za uanagenzi unaogharimiwa na Serikali chini ya programu ya kukuza ujuzi, ambao mwanagenzi halipi ada ya mafunzo. Nafasi hizo hutangazwa kwa vipindi na muda wa kuomba huwa mfupi, basi weka tayari namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule ulivyo navyo na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa.

Kubisha hodi

Mji wetu una msemo wake maarufu, waja leo waondoka leo, na fundi humwogopa kijana wa kuja leo na kuondoka leo kuliko anavyomwogopa kijana asiyejua kitu. Amewahi kumfundisha mtu miezi miwili, mtu huyo akatoweka na kwenda Dar es Salaam bila kuaga. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwonyesha ni kwamba utakuwepo.

Usiende asubuhi, wakati fundi anagawa kazi na wateja wanamsubiri, wala Ijumaa mchana, wakati watu wanaelekea msikitini. Saa kumi jioni, kazi zinapokaribia kufungwa, hupatikana nafasi ya mazungumzo. Msalimie kwa heshima, na kama ni mtu mzima usimwite kwa jina hata ukilijua. Maneno yawe machache, kwa mfano: “Shikamoo fundi. Naitwa fulani, naishi Makorora. Nataka kujifunza uchomeleaji. Naomba unitazame kwa wiki moja. Kupiga msasa na kupaka rangi naweza, na kila siku saa moja asubuhi nitakuwa nimefika. Wiki ikiisha, ukiridhika nami, naomba tukae tupatane.”

Katika maneno hayo kuna mambo mawili yanayobeba uzito. La kwanza ni kazi moja ambayo tayari unaiweza na ambayo fundi hapendi kuifanya mwenyewe. Anayejua kusoma vipimo kwenye futi bila kukosea, anayeweza kupiga hesabu ya chuma kinachohitajika kwa dirisha la upana fulani, au anayeandika vizuri madeni ya wateja katika daftari, huanza kumwokolea fundi fedha tangu wiki ya kwanza, na mtu anayeokoa fedha ana hoja ya kulipwa. Kama huna kazi hata moja ya namna hiyo, tumia mwezi mmoja kujifunza moja kabla ya kubisha hodi popote. La pili ni ule muda wa wiki moja. Ukisema “nitafanya bure mpaka utakaponiona nafaa,” umejifunga kwa kamba isiyo na mwisho, kama nilivyojifunga mimi.

Wiki hiyo nawe unamtazama fundi. Waangalie wanagenzi waliokutangulia: aliye na mwaka mzima pale anafanya nini? Ikiwa bado anafagia na kutumwa chai, ondoka kwa adabu, hata kama fundi ni mtu mkarimu. Tembelea karakana kumi, si mbili, na uandike ulichoambiwa katika kila moja, kwa sababu anayekataa leo huenda akapata tenda ya madawati mwezi ujao.

Kupatana

Hapa ndipo vijana wengi huona aibu, na aibu hiyo huwagharimu miaka. Anza na hesabu yako mwenyewe. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha mchana hufika shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 104,000 kwa mwezi. Posho yoyote iliyo chini ya hapo maana yake ni kwamba wewe ndiye unayelipa ili ufanye kazi, na ni lazima ujue nani nyumbani atakayeibeba tofauti hiyo.

Fundi naye ana upande wake, na ni wa kweli. Mwanagenzi huunguza rodi, hukata chuma kifupi, hulegeza nati ambayo haikupaswa kuguswa, na muda wa kurekebisha hayo ni wa fundi. Kwa sababu hiyo naona ni haki malipo yapande kwa hatua: miezi mitatu ya mwanzo posho ya siku inayofidia nauli na chakula, kisha posho kubwa kidogo, kisha, ukianza kufanya sehemu ya kazi bila kusimamiwa, fungu katika fedha ya ufundi wa kila kazi. Kama ufundi wa geti, vifaa vikiwa vimeshatolewa, ni shilingi 150,000 na mmepatana sehemu ya kumi, wewe unapata shilingi 15,000 juu ya posho yako. Omba pia ruhusa ya kufanyia mazoezi vipande vya mabaki baada ya saa za kazi. Ombi hilo halimgharimu fundi sana, nalo hufundisha kuliko maelezo.

Yaandikeni hayo kwenye karatasi moja: majina yenu, fani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi, malipo ya kila hatua, kazi utakazofundishwa kwa mfuatano, na nani ananunua vifaa vya kujikinga. Kwa mchomeleaji kioo cheusi si anasa, maana asiyejikinga hulala usiku macho yakimwasha kama yaliyotiwa mchanga. Tarehe ya kumaliza ndiyo inayosahauliwa zaidi, nami naiona kuwa muhimu kupita hata kiwango cha posho. Mzazi au mjumbe wa mtaa awe shahidi. Fundi akikataa karatasi, kama wengi wanavyokataa kwa kuogopa maandishi, yasemeni mbele ya shahidi, na jioni umtumie ujumbe wa simu wa kumshukuru ukiyataja mliyokubaliana, ili pawe na kumbukumbu.

Ukiajiriwa na kampuni au mkandarasi, una kinga zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mwajiri anayekukata kwa kifaa kilichoharibika anapaswa kwanza kukupa nafasi ya kujieleza, na makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Aliye chini ya miaka 18 hapaswi kupewa kazi ya hatari. Michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutolewa na mwajiri peke yake, hivyo ukiona umekatwa kwa jina la mfuko huo, uliza. Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Wapo wanaopoteza haki zao kwa kungoja mwajiri “atulie.”

Na yeyote anayekuomba fedha ili akuingize kwenye mradi, hata awe ndugu wa ndugu yako, usimpe. Ada ya kufundishwa inayolipwa karakanani mbele ya shahidi ni jambo moja, na fedha ya kufunguliwa geti ni jambo lingine kabisa.

Daftari na barua

Tangu siku ya kwanza uwe na daftari la kazi. Andika tarehe, kazi, sehemu uliyoifanya wewe na kosa ulilofanya, na upige picha ya kazi ikiwa imekamilika, kwa ruhusa ya mwenyewe. Daftari hilo litakutetea unapoomba kupanda hatua ya malipo. Litakusaidia pia unapokwenda VETA kuomba ujuzi wako upimwe na kurasimishwa, kwa kuwa mamlaka hiyo hupima na kutoa vyeti hata kwa waliojifunzia nje ya chuo. Miradi mikubwa humjaribu mchomeleaji kwa kumpa chuma achomelee mbele ya wakaguzi, lakini kwanza huuliza karatasi, na nimewaona wenye mikono mizuri sana wakibaki nje kwa kukosa karatasi hiyo.

Miezi miwili kabla ya tarehe ya kumaliza, mkumbushe fundi na umwombe barua inayotaja muda uliofanya kazi kwake na kazi unazoweza kuzifanya peke yako, moja moja kwa majina: geti la kufungua pande mbili, grili ya dirisha, ngazi ya chuma. Iandike wewe kwa rasimu ili kazi yake iwe kusoma, kurekebisha na kusaini. Barua hiyo iombwe mkiwa bado mnafanya kazi pamoja, kabla hamjaanza kuzungumzia kama utabaki pale kwa malipo ya fundi kamili au utahama.