Jinsi ya Kuandika Kanuni za Injini Zinazozuia Gharama Kupanda katika Mbio Ndogo za Magari ya Magurudumu Wazi

Kabla ya kuandika kifungu cha kwanza, kamati na ijue fedha za madereva zinaishia wapi. Injini hununuliwa mara moja; kinachokausha mifuko ni kuifumua na kuijenga upya kila mara, kwa tamaa ya nguvu farasi mbili au tatu ambazo mshindani anadhaniwa kuwa nazo. Lengo la kanuni liwe kuifanya tamaa hiyo isilipe.

Chagua injini ya gari la kawaida yenye vipuri tele. Formula Vee, darasa la mbio za magari haya ambayo magurudumu yake hayafunikwi na bodi, ilianza Marekani kwa injini ya Volkswagen Beetle ya cc 1200, na Formula Ford, iliyoanza Uingereza mwaka 1967, ikajengwa juu ya injini za Ford za magari ya barabarani. Hata hivyo, injini ya kawaida huzeeka na vipuri vyake huadimika, kwa hiyo weka mapema utaratibu wa kukubali injini mbadala. Nchini Marekani, injini ya Honda ya cc 1500 iliporuhusiwa kushindana na Ford ya cc 1600, ilifungwa kizuizi cha kubana hewa ili wenye injini za zamani wasiachwe nyuma.

Kisha eleza wazi kwamba kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa, na utaje vipimo ambavyo mkaguzi anaweza kuvithibitisha uwanjani: kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni, uwiano wa mgandamizo, umbo la kamshafti (mhimili unaofungua vali) na aina ya kabureta. Uzito wa chini wa pistoni, krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na konrodi (fimbo inayoviunganisha viwili hivyo) usisahaulike. Hapa ndipo kamati nyingi hukosea, kwani hukataza kugusa kipuri chochote kwa kudhani kwamba zinaokoa fedha, ilhali vipuri vya kiwandani havilingani kamwe, na timu tajiri itanunua seti kumi za pistoni ichague iliyo nyepesi zaidi. Ukiruhusu kila mtu kupunguza chuma hadi uzito uliotajwa, mwenye seti moja atafika palepale.

Lakiri, yaani muhuri unaowekwa kwenye injini ili isifunguliwe kwa siri, husaidia, mradi fundi anayeiweka asiachiwe kupanga bei peke yake. Bei ya matengenezo na saa za matumizi ziandikwe katika mkataba. Formula 4 ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), iliyoanza Italia mwaka 2014, iliweka ukomo wa nguvu wa takribani farasi 160. Kwa darasa dogo, kikomo cha mizunguko kwa dakika ni nafuu zaidi, kwa sababu injini isiyozungushwa kupita kiasi hudumu.

Baada ya kila mbio, fungua injini ya mshindi na nyingine moja iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha usibadilishe kanuni kwa misimu mitatu, isipokuwa kwa sababu za usalama au kipuri kutopatikana tena.