Somo: Kutafuta kazi kwenye mashirika ya malezi na elimu ya awali

Wengi wanaopenda kufanya kazi na watoto wadogo hutafuta neno moja tu kwenye matangazo: mwalimu. Wakilikosa, wanafunga ukurasa. Kumbe shirika lenye vituo vichache tu huajiri pia walezi, wakufunzi wa walimu, maafisa mradi, watu wa ufuatiliaji na tathmini, wahasibu, maafisa lishe na watunzi wa vitabu vya picha. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Anayeruka ya kwanza ndiye anayekuja kulalamika kwamba kazi imemshinda.

HATUA YA 1: Chagua umri kabla ya cheo

Kimataifa utoto wa awali huhesabiwa tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Ndivyo Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilivyoeleza mwaka 2005 katika Maoni ya Jumla Na. 7. UNESCO nayo, katika uainishaji wake wa elimu wa 2011, inagawa ngazi ya awali mara mbili: watoto wa miaka 0 hadi 2, na wa miaka 3 hadi wanapoingia shule ya msingi. Mgawanyo huu si wa makaratasi tu. Ni kazi mbili tofauti.

Kwa watoto wa miaka 0 hadi 2 utakuwa unabadilisha nepi, unalisha, unabeba, unalaza. Mafundisho yako humo humo. Mlezi anayemtazama mtoto usoni wakati wa kumbadilisha, akamwambia "sasa tunainua mguu," akangoja mtoto ainue au ajibu kwa sauti yake, anafundisha lugha kuliko anayepachika mabango ya herufi ukutani. Kama mgongo wako hauruhusu kuinama siku nzima, sema mapema.

Miaka 3 hadi 5 ni ya kona za kujifunzia, hadithi, michezo ya kuigiza, na kutuliza ugomvi wa kugombea kifaa kimoja. Miaka 6 hadi 8 mara nyingi ni ya shule ya msingi, na huko masharti ya leseni ya ualimu huwa makali zaidi.

HATUA YA 2: Jua anayelipa

Kabla ya kuomba, tafuta fedha za shirika zinatoka wapi, maana ndizo zitakazoamua utulivu wa ajira yako.

Kituo kinachoishi kwa ada hutegemea idadi ya watoto, kwa hiyo uliza kama mshahara unalipwa wakati wa likizo. Shirika lisilo la kiserikali linaloishi kwa ruzuku hutegemea mradi. Mkataba unaweza kusema mwaka mmoja ilhali ruzuku imebakiza miezi minne, hivyo swali la kuuliza ni "ruzuku hii inaisha lini?" Vituo vya serikali vina ajira tulivu zaidi na mchakato mrefu. Vituo vya jamii na vya dini huajiri haraka lakini majukumu yao hayana mipaka, omba yaandikwe. Pia wapo wachapishaji na kampuni za vifaa vya kuchezea na programu za watoto, ambao waombaji wengi huwasahau.

HATUA YA 3: Pima umbali wako na mtoto

Kazi zote za sekta hii unaweza kuzipanga kwa umbali.

Walio karibu kabisa ni mlezi, mwalimu msaidizi, mwalimu kiongozi wa darasa na mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Hatua moja nyuma yuko mkuu wa kituo, mkufunzi anayekaa darasani kumwangalia mwalimu kisha kumpa mrejesho, na anayetembelea familia majumbani kufundisha wazazi kucheza na kuzungumza na watoto wao. Mbali zaidi yuko afisa mradi, mtaalamu wa mitaala, afisa wa ulinzi wa mtoto, mtafuta fedha na mtathmini.

Ushauri wetu ni huu: hata kama lengo ni ofisini, pita darasani kwanza. Mtu ambaye hajawahi kukaa na watoto wa miaka 3 huandika mtaala wenye kipindi cha dakika 40 cha kukaa kwenye mkeka, na walimu huutupa kabatini. Kwa umri huo, kikao cha kundi zima kikizidi dakika 15 watoto wameshaondoka, miili au akili.

HATUA YA 4: Kusanya sifa zinazotakiwa

Anza na mamlaka inayosajili vituo katika nchi yako. Ndiyo inayosema cheti kipi kinahesabika. Usilipie kozi kabla ya kusoma orodha yao.

Ili upate kipimo cha kulinganisha: cheti cha CDA cha Marekani, ambacho ni cha ngazi ya kuanzia kwa walezi na walimu wa watoto wadogo, hudai saa 120 za mafunzo rasmi na saa 480 za kazi na watoto, pamoja na kuangaliwa ukiwa kazini na mtihani. Hudumu miaka 3 kisha huhuishwa. Kozi yoyote inayokupa cheti kwa wikendi mbili bila kugusa mtoto, ujue thamani yake.

Mbali na cheti cha taaluma, andaa cheti cha polisi cha tabia njema, wadhamini wasiopungua wawili waliokuona kazini (si jamaa), na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto. Hili la mwisho huulizwa kwenye usaili. Mtoto wa chini ya mwaka 1 aliyepaliwa na hawezi kulia wala kukohoa hupigwa mapigo 5 mgongoni, kati ya mabega, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, kisha misukumo 5 kifuani, ukirudia. Tumbo lake halibonyezwi. Anayejibu kwa mbinu ya mtu mzima hupoteza nafasi, na kwa haki.

Anayelenga miradi na aongeze mambo mawili. La kwanza ni Mfumo wa Malezi Jumuishi uliozinduliwa mwaka 2018 na WHO, UNICEF na Benki ya Dunia, wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mlezi kusoma ishara za mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa mapema, na usalama na ulinzi. La pili ni zana za kupimia. IDELA hupima watoto wa miaka 3 na nusu hadi 6 katika mwili, lugha, hesabu na mahusiano. ECERS hupima mazingira ya darasa kwa alama 1 hadi 7. Kuchanganya ya kupima mtoto na ya kupima darasa ni kosa la kawaida kwa waombaji wa tathmini.

HATUA YA 5: Andika wasifu unaoonyesha watoto

"Ninapenda watoto" huandikwa na kila mwombaji. Haisaidii. Andika umri, idadi na ulichofanya: "Mwalimu msaidizi, kundi la watoto 18 wa miaka 4, walimu wawili, niliongoza kona ya vitabu na kujaza kumbukumbu za maendeleo kila wiki." Mstari huo mmoja humwonyesha msomaji uwiano (idadi ya watoto kwa kila mtu mzima), umri na jukumu. Kurasa mbili zinatosha. Picha za watoto uliowafundisha usiziambatishe kamwe. Kituo makini kitaona hujui faragha ya mtoto na kuweka barua yako pembeni.

HATUA YA 6: Usaili wa vitendo

Hapa ndipo wenye vyeti vizuri huanguka. Utapewa kundi la watoto na dakika 15 au 20, mara nyingi kwa hadithi au mchezo.

Kaa chini, macho yako yalingane na yao. Kitabu kishike pembeni ya bega, kurasa zikiwatazama wao. Waombaji wengi hukielekeza kwao wenyewe na kuinua picha mwishoni, wakati watoto wameshaanza kuvutana. Chagua kitabu kifupi na ukisome nyumbani hadi uweze kuinua macho. Simama mara tatu au nne tu kuuliza, na swali liwe la kufikiria: "Unadhani atafanya nini sasa?" Ukishauliza, ngoja. Kimya cha sekunde tano kinamwogopesha mwombaji, lakini mtoto wa miaka 4 anakihitaji kupanga maneno.

Kama ni kazi ya mikono, toa maelekezo kwanza, vifaa baadaye. Ukigawa udongo wa kufinyangia halafu ukaanza kueleza, hakuna atakayekusikia. Na usimrekebishe mtoto aliyefinyanga "vibaya". Wasaili hawatazami uzuri wa kazi za watoto. Wanaangalia kama umemwona yule aliyekaa pembeni bila kushiriki, na umefanya nini.

HATUA YA 7: Wasaili na wewe

Omba kukaa kituoni asubuhi moja, hasa watoto wanapopokelewa. Hesabu watoto na watu wazima. Viwango vya NAEYC, chama cha elimu ya watoto wadogo cha Marekani, ni mtu mzima 1 kwa wachanga 4, kundi lisizidi 8, na 1 kwa watoto 10 wa miaka 4, kundi lisizidi 20. Sheria ya kwako inaweza kuwa tofauti, ila ukikuta mmoja na wachanga 12, si mshahara utakaokuokoa. Omba pia kusoma sera ya ulinzi wa mtoto. Jibu la "ipo, utaiona baadaye" ni jibu tosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Habari mwalimu. Mimi nimesomea uhasibu, sina cheti chochote cha malezi. Nitaanzia wapi?

Jibu: Anzia kwenye fedha za miradi, ndugu. Mashirika ya ruzuku yanahitaji mtu anayeweza kuandaa bajeti na ripoti kwa muundo wa mfadhili. Ukiwa ndani, omba kuongozana na timu kwenye vituo. Mhasibu anayejua kwa nini vifaa vya kuchezea huisha haraka hupanga bajeti isiyokwama.

Swali: Naomba kuuliza, wanaume tunapokelewa kweli kwenye madarasa ya wadogo?

Jibu: Mnapokelewa, japo si kila mzazi atakuzoea siku ya kwanza. Chagua kituo chenye kanuni sawa kwa wafanyakazi wote: mtu mzima hakai na mtoto faraghani, milango ina vioo, sehemu ya kubadilishia nepi inaonekana. Ukiambiwa kanuni hizo ni za wanaume tu, hicho kituo hakielewi ulinzi wa mtoto ni nini.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeona kozi ya Montessori ya mtandaoni, wiki sita, bei nafuu. Je, inafaa?

Jibu: Marahaba. Montessori ni mbinu ya kufundisha watoto kwa vifaa vya kushika kwa mikono. Katika nchi nyingi jina hilo halina kizuizi, yeyote anaweza kulitumia kwenye kibao. Kwa hiyo uliza cheti kinatolewa na nani. Shirika la AMI, lililoanzishwa na Maria Montessori mwenyewe mwaka 1929, hutoa diploma kwa rika, mfano miaka 3 hadi 6, na lazima ufanye mazoezi ya vifaa kwa mikono na kuangaliwa darasani. Wiki sita za video zinakupa utangulizi, si kazi. Kisha piga simu vituo viwili unavyotaka kuomba, uwaulize kama wanaitambua.

Swali: Kujitolea kwa muda gani kabla ya kudai kulipwa?

Jibu: Kubaliana kwa maandishi kabla ya kuanza: tarehe ya mwisho, saa kwa wiki na nani anakusimamia. Miezi mitatu inatosha kujifunza na kupata barua. Jambo moja la kukataa ni kuhesabiwa kwenye uwiano. Ukiachiwa kundi peke yako kila siku, wewe ni mfanyakazi asiyelipwa, na likitokea la kutokea lawama itakuwa yako.

Swali: Nimekaa nyumbani miaka mingi nikilea wanangu. Hiyo niandike kama uzoefu?

Jibu: Dada, itaje kwa sentensi moja kueleza pengo, usiifanye ndio msingi. Kulea wako watatu si sawa na kundi la 15 wa rika moja. Jaza pengo kwa kozi ya huduma ya kwanza na saa za kujitolea kituoni, hata mara mbili kwa wiki, ukiweka daftari lililosainiwa na msimamizi. Huyo huyo msimamizi ndiye atakuwa mdhamini wako wa kwanza, kwa hiyo muombe ruhusa kabla ya kuandika namba yake.