Kuomba idhini ya kusafisha mionzi kwenye vyuma vya jeshi, Mombasa

Umenunua mnadani mabaki ya meli, ndege au magari ya jeshi na sasa yako yadini kwako, Shimanzi, Changamwe au Jomvu? Fundi asiwashe gesi kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 inataka uwe na idhini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia (KNRA) kabla ya kutumia, kusafirisha au kutupa kitu chenye mionzi.

Kagua kwa macho, bila kufungua chochote. Tazama saa za rubani, dira na swichi. Zamani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, zisomeke usiku. Ukiona rangi imekuwa ya kahawia kama ugoro na haing'ai tena gizani, usidhani imeisha nguvu. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu-226 yenyewe huchukua miaka 1,600 ndipo ipungue nusu. Kijana akiikwaruza kwa bisibisi apate shaba, ule unga ndio anaouvuta. Niliwahi kuona dira iliyopasuka kioo ikafungwa kwa kitambaa cha kufutia mikono. Unga ukaingia kwenye mikunjo, na kitambaa nacho kikawa taka ya mionzi. Kwa hiyo usisugue wala usioshe. Tia kwenye plastiki nzito, weka ndani ya debe lenye kifuniko, andika onyo na ulitenge mbali na pale vijana wanapokula.

Piga picha, andika orodha ya vifaa na namba zake, ambatisha karatasi za mnada na leseni yako ya biashara ya vyuma chakavu. Kisha andikia Mamlaka kuomba upimaji. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, paybill 222222. Usimpe mtu pesa mkononi, na risiti itunze.

Vipimo vikionyesha uchafu wa mionzi, unatakiwa uandike mpango wa usafishaji. Hapa ndipo uchukue muda wako. Ombi moja nililosaidia kuandaa lilirudi kwa sababu tuliandika tu "vifaa vitaoshwa". Vitaoshwa na nani, kwa kitu gani, na maji yataenda wapi? Mombasa mtaro unaishia baharini, Kilindini au Tudor, na kuna watu wanavua huko. Eleza jinsi maji yatakavyokusanywa kwenye pipa hadi tone la mwisho. Mpango wa kupiga mchanga mkavu uwanjani usiuandike kabisa, maana vumbi litapelekwa na upepo hadi kwa jirani. Andika kupangusa kwa vitambaa vyenye maji, kufyonza kwa mashine yenye chujio laini, na kubandua rangi na kutu vilivyoshika uchafu. Mabaharia wa Marekani walipata tabu hiyo mwaka 1946 huko Bikini, kisiwa cha Pasifiki walikojaribia mabomu ya atomiki: baada ya bomu la chini ya maji la Julai 25 walisugua meli kwa maji na sabuni, mionzi ikabaki imeganda kwenye rangi na kutu, na kazi ikasimamishwa.

Taja pia afisa wa usalama wa mionzi atakayesimamia, beji za kupimia mionzi anayopata kila mfanyakazi, na kiwango cha uchafu mnacholenga kisizidiwe baada ya kusafisha. Kinachotumika kimataifa katika usafirishaji ni bekereli (kipimo cha nguvu ya chanzo cha mionzi) 0.4 kwa sentimita mraba kwa mionzi ya aina ya beta na gama, na 0.04 kwa vitu vingi vya mionzi ya alfa, radiamu ikiwamo. Mfanyakazi asizidishe wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na jirani yako asiye mfanyakazi ni 1 tu.

Idhini ikitoka, safisha, kisha omba ukaguzi wa mwisho. Kisichosafishika, pamoja na vitambaa na matope ya pipa, huombewa kupelekwa kwenye kituo cha kitaifa cha taka za mionzi kule Oloolua, Ngong. Cheti cha ukaguzi mpe mnunuzi wako nakala kabla vyuma havijapakiwa, na hakikisha namba zilizo kwenye cheti ni zilezile za orodha yako ya kwanza.