Kuzuru Fort Jesus na Watoto: Nje Kwanza, Ndani Baadaye

Makosa ya ziara nyingi za kifamilia Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno mjini Mombasa, huanzia kwenye saa. Watu hufika saa tano, hutumia saa nzima katika ukumbi wa maonyesho, kisha hupanda kuta za juu jua likiwa utosini. Mdogo analia, mkubwa ameshika simu, bibi anatafuta pa kukaa. Ngome hii ni uwanja mpana wenye kivuli kidogo, na mawe yake ya matumbawe yakishika joto hayaliachi upesi. Basi mpangilio wetu ni mmoja: asubuhi kaeni nje, jua likikaza ingieni vyumbani.

Hatua ya 1: Chagueni saa kabla ya siku

Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kuweni langoni saa mbili unusu. Kwa watoto wa shule ya msingi tengeni saa mbili na nusu. Kwa walio chini ya miaka mitano, saa moja na nusu yatosha, na mkizidisha mtabeba mtu mabegani. Sikukuu za Idi na likizo za shule ngome hujaa. Siku za masomo mabasi ya wanafunzi huingia asubuhi kadiri inavyosonga, nanyi mkiwahi mtakuwa mmeshamaliza kuta.

Mkitaka kuendelea hadi Mji wa Kale, epukeni mchana wa Ijumaa, kwa sababu maduka mengi hufungwa wakati wa sala. Msimu wa masika mawe huteleza, hasa kwenye ngazi.

Hatua ya 2: Kikapu

Maji lita moja kwa kila mtu mzima na nusu lita kwa kila mtoto. Kofia. Viatu vyenye soli ya kushika, maana kandambili ndizo zinazoangusha watoto kwenye ngazi za mawe. Kanga mbili: moja ya kumfunga mtoto mgongoni, nyingine ya kukalia. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, kwani ardhi ina mabonde na ngazi ni nyingi. Mtakibeba kuliko kukisukuma. Mzee anayetembea kwa shida ataona mengi ya uwanja wa chini na kumbi. Kuta za juu asilazimishwe.

Kila mtoto awe na daftari dogo na penseli. Penseli, si kalamu ya wino: wino ukigusa ukuta wa kale hautoki.

Hatua ya 3: Kufika na kulipa

Wanaotoka Likoni huvuka feri bure kwa miguu, kisha hupanda matatu au tuktuk hadi mjini. Wanaotoka Bamburi au Mtwapa hushuka Posta na kutembea kwa Barabara ya Nkrumah hadi mwisho, ambako ngome inakaa ikitazama bahari. Mwenye gari awahi, maana nafasi za kuegesha pale karibu ni chache.

Mkenya, mwananchi wa nchi nyingine za Afrika Mashariki na mgeni wa mbali hulipa viwango tofauti, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima. Kwa hiyo watu wazima wachukue vitambulisho. Malipo ni kwa simu, si taslimu: chaji iwepo, salio liwepo, na mtu mmoja alipie familia nzima kwa mara moja. Foleni hukwama pale kila mmoja anapotaka kujilipia.

Nje ya lango mtakutana na watembezaji. Mtembezaji mzuri anastahili pesa yake, lakini ombeni kuona kitambulisho chake cha kazi, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, na mwambieni umri wa watoto na muda mlio nao. Asipoambiwa atatoa maelezo yale yale anayowapa watu wazima.

Kabla hamjaenda mbali, wapelekeni watoto msalani.

Hatua ya 4: Lango na kuta

Msilipite lango haraka. Juu yake kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno linalomsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Waulizeni watoto wakubwa: nani aliamua sifa hizi ziandikwe, na watu wa pwani aliowashinda wangeandika nini? Swali hilo litawafuata hadi ndani.

Kisha pandeni. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Huambiwa kwamba umbo lake ni la mtu aliyelala chali. Ukisimama ndani huwezi kuliona, na watoto hukata tamaa wakilitafuta. Waonyesheni kwanza kwenye ramani ya ngome, halafu mfanye jambo lenye maana zaidi: simameni kwenye pembe mojawapo iliyochomoza na mtazame kando ya ukuta. Kutoka hapo mlinzi aliweza kumpiga yeyote aliyefika kwenye nyayo za ukuta, na pembe ya pili ilimlinda yeye. Pembe ni nne: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Mtoto akielewa pembe moja ameelewa ngome yote.

Sehemu nyingine za juu hazina vizuizi vya kutosha. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto wawili, mkono kwa mkono, na mtu asipande mizinga wala ukingo kwa ajili ya picha. Hilo msilifanyie mzaha.

Hatua ya 5: Birika na kisa cha kuzingirwa

Shukeni hadi penye birika lililochongwa mwambani la kukusanyia maji. Hapa ndipo pa kusimulia, kwa kuwa watoto wana kiu na wana chupa mkononi. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na haikuanguka hadi Desemba 1698: miezi 33. Waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mwishoni walibaki wachache mno. Waulizeni: maji ya mvua yakiisha, mngefanya nini? Waacheni wajibu. Msikimbilie kuwasahihisha.

Msimbebeshe mtoto miaka ishirini. Mitano yatosha: 1593 ujenzi, 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, akawageuka na kuiteka ngome, 1698 Waomani, 1895 Waingereza wakaifanya jela, 1958 jela ikaisha, ikawa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2011 iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, lakini hilo mwambieni mwishoni, halina kisa.

Hatua ya 6: Ukumbi wa maonyesho

Sasa ni kama saa nne, jua limeanza kuuma, ingieni. Hapa familia nyingi huharibu kwa kutaka kusoma kila kibao. Kila mtu achague vitu vitatu tu, akae na kila kimoja dakika tano, akichore. Kuchora humlazimisha mtoto aone mpasuko wa bakuli, mkunjo wa mpini, rangi iliyofifia. Picha ya simu hailazimishi chochote.

Vikosekane vyote, visikosekane vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuinusuru ngome na kuzama mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi wa akiolojia walifanya kazi kwenye mabaki yake miaka ya 1970. Mkitoka, watazamisheni watoto bahari ile ile. Kisha tazameni vyombo vya kauri vya China na vipande kutoka Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi: ni ushahidi kwamba miji ya Waswahili ilifanya biashara na dunia kabla Mreno hajatia nanga. Mtoto wa Mombasa akitoka bila kujua hilo, ziara imempa historia ya wageni tu.

Kamera bila mwanga wa flashi, na ombeni ruhusa panapokatazwa.

Hatua ya 7: Michoro ya ukutani na Nyumba ya Waomani

Michoro ya mabaharia wa Kireno imechorwa kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Watoto huipenda kuliko kitu chochote, maana inafanana na ya kwao. Ndipo hatari ilipo: wengine hutaka kuongeza yao. Jasho na mafuta ya vidole huharibu rangi hata bila kukwaruza, kwa hiyo mikono nyuma. Wape daftari waichore meli moja kwa mistari kumi.

Nyumba ya Waomani ni ndogo. Vito na silaha, dakika kumi.

Hatua ya 8: Kutoka

Mkiwa bado na nguvu, Mahakama ya Zamani ya mwaka 1902, hatua chache kutoka langoni, hupokea maonyesho ya sanaa. Ulizeni kama kuna jipya. Au ingieni Mji wa Kale hadi Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, mkautazame mnara wake kutoka nje mkiwa mmevaa kwa stara. Bandari ya Kale msipige picha kabla ya kuuliza. Milango ya nakshi ni ya nyumba za watu: mkitaka kumpiga mtoto picha mlangoni, toeni salamu kwanza.

Madafu huuzwa nje ya lango. Watu wanywe hapo kabla ya kupanda matatu, na kila mtoto aonyeshe michoro yake mitatu na kusema kwa nini aliichagua. Michoro hiyo iandikeni tarehe, maana mkija tena watachagua vingine.