Somo: Kugandisha uyoga mamama (oyster) na kuuhifadhi kwenye friza

Wanaolima uyoga wanaijua hali hii: mifuko ya kuoteshea inakaa kimya, unaingia bandani kila asubuhi huoni kitu, halafu ndani ya siku mbili yote inachipua kwa mkupuo mmoja. Wateja ni walewale, na uyoga hausubiri. Mamama uliovunwa vizuri utakaa kwenye friji siku 5 hadi 7, baada ya hapo unaanza kuteleza. Somo hili ni la ule unaobaki. Mwenye uyoga wa vifungo (button, ule wa duara) anaweza kufuata hatua hizi hizi.

Kabla ya hatua, tuelewane kwa nini watu wengi wanagandisha uyoga na kuishia kuutupa. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za uyoga ni maji. Ukiutia kwenye friza ukiwa mbichi, maji yale yanakuwa chembe za barafu zinazopasua nyama yake kwa ndani. Siku ya kuupika, maji yanamwagika yote na unabaki na kitu cha kutafuna kama sponji. Tena ndani ya uyoga kuna vimeng'enya ambavyo baridi haiviui, inavipunguza kasi tu. Vinaendelea kuharibu rangi na ladha polepole humo humo kwenye friza. Kinachovizima ni moto. Kwa hiyo moto kwanza, baridi baadaye, na atakayewaambia kinyume mwombeni awapikie uyoga wake wa miezi sita.

Hatua ya 1: Chagua

Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kujikunja kuelekea juu. Gandisha siku hiyo hiyo, ikichelewa sana kesho yake. Uliokwisha kuteleza au kutoa harufu kali usijisumbue nao. Friza haifufui kitu.

Hatua ya 2: Safisha

Kata kitako chenye mabaki ya pumba au majani ya mpunga. Futa kwa kitambaa kibichi. Ukilazimika kuosha, pitisha haraka kwenye maji yanayotiririka kisha tandaza juu ya kitambaa kikavu. Usiloweke kwenye beseni, kwa maana tunataka kupunguza maji, si kuyaongeza. Chana kwa mkono kufuata nyuzi zake, vipande vya upana wa vidole viwili hivi. Uyoga wa vifungo ukizidi upana wa sentimita 2.5, ukate.

Hatua ya 3: Pitisha kwenye moto

Hapa ndipo kazi ilipo. Zipo njia mbili.

Ya mvuke ni nzuri kwa uyoga mwingi. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka juu yake chujio la chuma au kile chombo cha matundu cha kupikia kwa mvuke, maji yasiguse uyoga. Tandaza uyoga usirundikane, funika, na anza kuhesabu mvuke ukishajaa: vipande dakika 3, vifungo vidogo au robo dakika 3 na nusu, vifungo vizima dakika 5. Mvuke hugeuza rangi ya uyoga kuwa ya kijivujivu. Kama unajali weupe, loweka kwanza dakika 5 kwenye maji yenye limau, kijiko 1 cha chai cha maji ya limau kwa nusu lita. Hapo tu ndipo nakubali kuloweka, na ni kwa ajili ya uyoga wa vifungo zaidi. Mamama hauna haja.

Ya pili ni kukaanga nusu, nami kwa mamama naipenda zaidi. Kikaango kipate moto sawasawa, mafuta kidogo, tia uyoga kidogo kidogo. Ukijaza kikaango utakuwa unachemsha, si kukaanga. Uyoga utatoa maji. Uache mpaka maji yale yakauke na kingo zianze kupata rangi ya kahawia. Dakika 5 hivi zinatosha. Chumvi iache kwa siku ya kupika. Uyoga huu unapungua sana, na hilo ni faida kwa mwenye friza ndogo.

Hatua ya 4: Poza na kausha

Uliopita kwenye mvuke utumbukize mara moja kwenye maji ya barafu, kwa muda uleule uliokaa kwenye mvuke, kisha uchuje na kuukausha kwa taulo safi. Uliokaangwa utandaze kwenye sinia upoe. Usipeleke kitu cha moto kwenye friza: unapandisha joto la vyakula vingine, na yuniti za LUKU zinakwenda bure.

Hatua ya 5: Gandisha, kisha fungasha

Tandaza vipande kwenye sinia visigusane, weka kwenye friza saa mbili tatu hadi viwe vigumu, ndipo uviweke kwenye mfuko wa zipu au kopo lenye mfuniko. Ukiviweka pamoja kabla havijaganda utapata bonge moja, na kila unapotaka wa mboga ya watu wawili utalazimika kulipiga kwa mchi. Kwenye mfuko, kamua hewa yote. Kwenye kopo, acha nafasi ya sentimita moja juu. Fungasha kwa kipimo cha mlo mmoja na uandike tarehe kwa kalamu isiyofutika.

Kwenye nyuzi joto -18 uyoga huu unabaki mzuri kwa miezi 10 hadi 12. Siku ya kupika usiuyeyushe. Toka nao kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye kikaango cha moto au mchuzi wa nazi unaochemka.

Maswali ya wanachama

Mkulima, Kibaha: *Mwalimu, mimi nina friji ya mlango mmoja, ile yenye kisehemu cha barafu juu. Itafaa?*

Angalia nyota zilizochorwa kwenye mlango wa kisehemu hicho. Nyota moja ni -6, mbili ni -12, tatu ni -18. Kwa nyota moja usivuke wiki, kwa mbili usivuke mwezi. Kama hakuna nyota kabisa, hiyo ni ya kutengenezea barafu. Kausha uyoga wako badala yake.

Mama lishe, Dodoma: *Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika nifanyeje?*

Marahaba mama. La kwanza usifungue mlango. Friza iliyojaa hutunza baridi hadi saa 48, iliyo nusu saa 24, mradi mlango umefungwa. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji yaliyoganda. Umeme ukirudi, ukikuta uyoga bado una chembe za barafu, unaweza kuuacha ugande tena, ingawa ulaini utazidi. Ukikuta umeyeyuka na kupata joto, tupa. Najua inauma kwa mtu wa biashara, lakini wateja wako wakiumwa tumbo itauma zaidi.

Swali kutoka Morogoro: *Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku?*

Iliyopigwa marufuku Juni 2019 ni mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kusindika chakula viliachwa nje ya marufuku hiyo. Hata hivyo kopo lenye mfuniko unalitumia miaka, mfuko unautumia mara chache.

Dada wa Songea: *Huku mvua zikianza tunaokota uyoga wa porini na wa vichuguu. Nao unagandishwa hivi hivi?*

Unagandishwa, dada, ila mimi ningeukausha. Harufu yake inakolea ukikauka, na hauhitaji umeme. Chana vipande vyembamba, anika juani kwenye chekecheke mpaka uvunjike kwa sauti ukiukunja, weka kwenye chupa kavu inayofungwa. Lakini sikiliza: uyoga wenye sumu hauponi kwa baridi, wala kwa jua, wala kwa kuchemshwa. Na zile hadithi za kuupika na kitunguu uone kama kitabadilika rangi hazina ukweli wowote. Sumu mbaya kuliko zote inakaa saa 6 na kuendelea kabla mtu hajaanza kutapika, halafu anaonekana amepona, kumbe ini linaharibika. Usihifadhi uyoga ambao huujui kwa jina na kwa sura tangu utotoni. Mtu akishaula na kuanza kutapika, hospitali mara moja, na mbebe kipande cha uyoga wenyewe.

Kaka wa Arusha: *Naweza kuuweka kwenye chupa ya mafuta, nikauacha kabatini?*

Hapana. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na huko ndiko bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu ya kupoozesha mwili, wanakostawi, bila harufu wala dalili.

Mkulima, Kibaha (tena): *Vile vitako vigumu tunavikata tunatupa?*

Sehemu chafu ndiyo ya kutupa. Shina gumu lililobaki lichemshe nusu saa na kitunguu, chuja supu, igandishe kwenye vile visanduku vya kutengenezea vipande vya barafu. Kipande kimoja au viwili kwenye sufuria ya maharage vinatosha.